Majira ya Mji wa Maji Baridi

Watu wengi husema kwamba sisi tukaao karibu na ikweta hatuna majira. Husema kuwa majira ni mali ya Ulaya, ambako miti hupukutisha majani yake yote, maziwa huganda, na mtu huwa na kabati la nguo za joto na kabati jingine la nguo za baridi. Usemi huu una chembe ya ukweli. Mji wa Nairobi uko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kidogo tu. Mchana wa Juni na mchana wa Desemba haupitani hata kwa robo saa, na mwanafunzi huondoka kwao katika mapambazuko yale yale karibu mwaka mzima. Nami niliuamini usemi huo kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na umri wa miaka 23 ulipokaribia kunitia kaburini.

Nilizaliwa na kulelewa Mombasa, katika Mji wa Kale, nyumbani kwa nyanya yangu mzaa mama. Nyanya hakuwa na kalenda ukutani; kalenda yake ilikuwa upepo. Kaskazi ilipoanza kuvuma, karibu na Desemba, alijua kwamba joto linakuja. Hapo aliihamisha mikeka yetu kutoka chumbani hadi ukumbini, akapunguza nazi katika mchuzi, akatuamuru tunywe maji kabla ya kuona kiu, na akatukataza kucheza juani baina ya saa sita na saa tisa. Kusi ilipoingia, pamoja na mvua za masika, aliyageuza mambo yote. Mikeka ilirudi chumbani, tangawizi ikaingia katika chai, na kila mtoto alipakwa mafuta ya nazi kifuani na nyayoni kabla ya kulala. Hatukuruhusiwa kuoga baada ya magharibi. Alisema kwamba kila upepo una ada yake, na mtu asiyebadili ada upepo unapobadilika ni kama nahodha asiyegeuza tanga. Sisi watoto tulicheka kisirisiri. Tulidhani kwamba hayo yalikuwa masharti ya wazee tu, kama lile la kutofagia nyumba usiku.

Mwezi wa Juni mwaka 2004 nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya Moi Avenue, katikati ya Nairobi. Nilisafiri usiku kwa basi. Mzigo wangu ulikuwa mkoba mmoja: mashati manne mepesi, suruali mbili, vikoi viwili na jozi ya ndara. Sweta sikuwa nayo, wala sikuona haja yake. Basi lilipofika alfajiri nilishuka, nikaona moshi ukipita mbele ya uso wangu. Niligeuka nyuma kumtafuta aliyekuwa akivuta sigara. Hakuwako mtu. Moshi ule ulikuwa pumzi yangu mwenyewe.

Laiti ningalilitafakari jina la mji ule, ningalitahadhari. Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao huko kabla ya reli kufika mwaka 1899 walipaita Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa ipoavyo. Hata hivyo, kimo peke yake hakielezi baridi ya Julai, kwa kuwa kimo hicho hakipungui ifikapo Februari. Sababu nyingine ni upepo. Kusi ile ile ivumayo Mombasa hupanda bara ikichukua unyevu wa Bahari ya Hindi. Ikifika kwenye nyanda za juu hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu ya chini, yakatanda juu ya mji kama mfuniko wa chungu. Jua likizuiwa, ardhi haipati joto. Kuna siku ambazo mawingu hayo hufunguka mchana, na kuna siku ambazo hayafunguki kabisa. Usiku wa Julai huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake, ilhali Mombasa usiku wa mwezi huo huo hukaa karibu na nyuzi 20. Basi upepo wa nyanya yangu ulikuwa umenitangulia Nairobi, lakini sikuutambua, kwa sababu ulikuwa umebadili nguo na mimi sikubadili zangu.

Nilipanga chumba Kawangware, upande wa magharibi wa mji. Kilikuwa chumba cha mawe chenye paa la mabati, dirisha moja dogo, na mlango uliotazama ua wa wapangaji kumi. Ili kuokoa nauli nilikwenda kazini kwa miguu, mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu, nikipita Lavington na Kilimani, nikateremka Valley Road hadi mjini. Njia hiyo ilikuwa na somo ambalo sikulielewa upesi. Huko Lavington, juu ya vigae vya nyumba kubwa zilizojengwa zamani, niliona mabomba ya moshi, na asubuhi za baridi nilisikia harufu ya kuni zilizowaka usiku. Waliozijenga nyumba zile walijua kwamba Nairobi ina baridi; wakaweka ukutani mahali pa kuotea moto, na njia ya moshi kutoka. Kawangware inapakana na Lavington. Baridi ni ile ile na mawingu ni yale yale, lakini katika ujirani wangu sikuona hata nyumba moja yenye bomba la moshi.

Majuma ya kwanza niliishi Nairobi kana kwamba niko Mombasa. Niliamka saa kumi na moja nikaoga maji ya baridi uani, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. Nilikunywa kikombe cha chai kavu, nikatoka. Nilivaa shati la mikono mifupi. Usiku nililala juu ya godoro jembamba lililotandikwa sakafuni, nikajifunika kikoi kimoja, na baadaye vyote viwili. Wenzangu ofisini walikuja wamevaa sweta na makoti, na mmoja wao, karani mzee aliyekuwa amekaa katika kazi ile miaka mingi, aliniuliza kama nimeweka nadhiri. Nilimjibu kwa majivuno kwamba mwanamume hashindwi na ubaridi. Ujinga ukichanganyika na kiburi hauponi kwa maneno.

Kwanza yalikuja mafua, kisha kikohozi kikavu kilichonishika kila alfajiri. Halafu lilikuja jambo nisilolitazamia, nalo ni huzuni. Sikuwa nimefiwa, sikufukuzwa kazi, wala sikuwa na deni. Lakini kila nilipofungua mlango na kuona anga la rangi ya jivu, niliona uzito wa kutoka. Nilipunguza kusema na watu. Nilipunguza kula. Siku 9 zilipita bila ya mimi kukiona kivuli changu. Nilizihesabu.

Jioni ya Jumamosi moja, katikati ya Julai, nilifanya uamuzi ambao niliuona wa busara. Nilinunua jiko la makaa, na kopo moja la makaa kutoka kwa mama jirani, mpangaji wa chumba cha pili, aliyekuwa akiuza uji na mandazi penye kituo cha matatu.

"Unapika nini usiku huu, mwanangu?" aliniuliza.

"Sipiki kitu, Mama. Nataka kuota moto."

Alinitazama kidogo, akaniambia niotee uani. Kisha mteja mwingine akamwita, na maneno yetu yakaishia hapo. Lakini mimi niliona haya kujikunyata uani mbele ya watu kama mgonjwa. Niliwasha makaa, nikangoja yashike vyema, nikaliingiza jiko chumbani. Nikaziba nyufa za dirisha kwa magazeti. Nikakunja kikoi kimoja, nikakisukuma chini ya mlango. Joto likaja. Kwa mara ya kwanza tangu kushuka katika lile basi, mabega yangu yalilegea. Nakumbuka kwamba nilifikiri, "Sasa niko nyumbani." Nililala bila kukohoa.

Mama yule aliamka saa kumi za usiku, kama ilivyokuwa desturi yake, akoroge uji. Kila alfajiri kikohozi changu kilimfikia kupitia ukutani, na alinieleza baadaye kwamba alikuwa amekwisha kukizoea kama mtu azoeavyo jogoo wa jirani. Alfajiri ile hakukisikia. Alikoroga uji wake, akasikiliza. Akakoroga tena, akasikiliza. Ndipo alipoyakumbuka makaa. Alibisha mlango wangu kwa mwiko, kisha kwa ngumi, kisha akapiga ukelele. Wapangaji wawili walitoka wakausukuma mlango hadi komeo likang'oka.

Mimi sikujua lolote. Jambo la kwanza ninalolikumbuka ni ubaridi wa ardhi mgongoni mwangu, uso wa mama yule juu yangu, na kichwa kilichouma kana kwamba kimepasuliwa kwa shoka. Nilitapika. Miguu haikunitii. Walinibeba hadi kwenye gari wakanipeleka hospitali, nikawekewa oksijeni usoni hadi mchana. Daktari aliyenihudumia hakunikemea. Aliniuliza tu nilikuwa nimeziba matundu mangapi, na nilipomwambia, alitikisa kichwa, akaandika.

Msomaji aliyefika kidato cha pili au cha tatu pengine amekwisha kusoma habari za gesi iliyonipata. Makaa yanapowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Kwa hiyo haimwamshi aliyelala. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikawa inazunguka mwilini mikono mitupu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Na huo usingizi ndio unaowaua wengi, maana mtu hudhani ni raha ya joto. Mara kwa mara, miezi ya baridi ifikapo, magazeti ya Kenya huandika habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Mimi nilikuwa nimeisoma kemia hiyo shuleni, na katika mtihani niliijibu vizuri. Elimu ilikuwa imo kichwani, lakini haikuwa imeshuka hadi mikononi.

Kitandani pale hospitali niliona kwamba kosa langu lilikuwa na mzizi mrefu kuliko jiko. Majuma matano niliikataa Nairobi kwa kujifanya kwamba haina baridi. Usiku ule niliikataa kwa njia nyingine, kwa kujenga Mombasa ndogo ndani ya kuta nne na kuziba kila tundu ambalo Nairobi ingaliweza kupenya. Katika muda huo wote sikuwa nimemwuliza mtu hata mmoja, "Ninyi hapa huishije mwezi wa Julai?"

Nilipotoka hospitali nilimpelekea mama yule kilo mbili za sukari na shukrani zangu. Alipokea sukari, akaniketisha juu ya kigoda.

"Hapa kwetu, mwanangu," alisema, "moto wa makaa hulala nje. Mtu ndiye hulala ndani."

Kisha akataka kukiona chumba changu. Hakutazama dirisha wala mlango, alitazama godoro. Aliinua ncha yake akauliza chini yake pana nini. Nikamjibu kwamba hapana kitu ila saruji. "Basi baridi haikushukii," alisema, "inakupandia." Siku ile ile tulitandika sakafuni makatoni ya dukani na magunia mawili, na godoro likawekwa juu yake. Tangu hapo nimelala katika nyumba nyingi za Nairobi, nami nathubutu kusema kwamba yale makatoni yalinifaa kuliko blanketi ya pili. Blanketi ya kwanza niliinunua Soko la Toi pamoja na sweta, zote za mitumba.

Mambo mengine alinifundisha kidogo kidogo, mengine kwa maneno na mengine kwa kumtazama. Dirisha lake lilikuwa wazi kwa upana wa vidole viwili hata katika usiku wa baridi kali, kwa maana, alisema, watoto wakifungiwa pumzi moja hugawana kikohozi kimoja; na kweli kifua kikuu na magonjwa mengi ya mapafu huenea upesi katika chumba kisicho na hewa. Jiko aliliwasha uani, akachemsha maji, akayatia katika chupa, akaifunga chupa kwa kitambaa na kuiweka miguuni pa watoto walipolala. Sikuwa nimefikiri kwamba joto la moto laweza kuingizwa ndani bila ya moto wenyewe. Niliacha kuoga alfajiri. Asubuhi nilinawa uso, makwapa na miguu, na nilioga jioni kwa maji ya moto. Chai kavu niliiacha. Sikutoka nyumbani bila bakuli la uji wa wimbi, au kipande cha nduma au kiazi kitamu. Nilijifunza pia kunywa maji bila kuona kiu, kwani baridi humdanganya mtu akadhani hana haja ya maji, hadi midomo ipasuke. Midomo yangu ilipasuka. Mafuta ya nazi niliyoyacheka utotoni nikayaagiza kutoka Mombasa, yakanifikia katika chupa yamegandamana kwa baridi; ikanibidi kuyaweka juani kabla ya kujipaka, na jua lenyewe lilikuwa la kungojwa.

Kuhusu huzuni, mama yule hakuwa na dawa. Aliyenipa dawa ni yule karani mzee wa ofisini. Siku moja saa ya chakula cha mchana alinishika mkono akanipeleka katika Bustani ya Jeevanjee, hatua chache kutoka Moi Avenue. Bustani hiyo mji ulipewa mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, na hadi leo ni mahali pa kupumzikia watu wasio na mahali pengine: makarani, wachuuzi, wahubiri na wanaowapinga wahubiri.

"Tazama mabenchi," aliniambia.

Nilitazama. Yale yaliyokuwa chini ya miti yalikuwa matupu. Yale yaliyokuwa mahali pa wazi yalijaa watu wamebanana bega kwa bega, nyuso zimeelekea juu, ijapokuwa jua lilikuwa hafifu mno. Kivuli kiliposogea, na watu walisogea. Karani yule alisema kwamba ifikapo Februari nitawaona watu wale wale wamebanana chini ya miti, na mabenchi ya juani hayana mtu. "Jua la Julai ni kama mshahara," alisema. "Likitoka, lipokee siku hiyo hiyo."

Tangu siku ile nilitoka kila mchana, jua likiwepo au lisiwepo, maana hata mchana wa mawingu mwanga wa nje huushinda kwa mbali mwanga wa taa za ofisini. Nilitembea hadi bustanini, nikakaa, nikasikiliza mabishano ya dini na ya siasa ambayo hayakunihusu, nikarudi. Sikupona kwa siku moja. Lakini mwishoni mwa Agosti nilijikuta ninacheka katika bustani ile kwa sababu ya mtu aliyemwambia mhubiri kwamba asubuhi ya Nairobi peke yake yatosha kuwaonyesha wenye dhambi kwamba Jehanamu si lazima iwe na moto.

Baridi ilikwisha. Oktoba mijakaranda ilichanua, na njia nyingi za mji zikatandikwa maua ya zambarau. Mvua za vuli zilikuja zikapita. Mimi nilikuwa nimepata somo langu, na kama wapatavyo wanafunzi wengi, nililishika kupita kiasi. Desemba niliendelea kuvaa sweta. Januari nilikuwa nikinywa uji mzito asubuhi na kwenda mjini kwa miguu saa tatu za siku za mapumziko, bila kofia wala maji, nikifurahia kila mwali wa jua kana kwamba kesho hautakuwako. Kiangazi cha Nairobi kina hila yake. Hewa ni baridi kidogo, hasa kivulini, na jasho hukauka kabla ya kuonekana, basi mtu hajidhani kwamba anaungua. Lakini jua la karibu na ikweta katika kimo kile ni kali, kwa sababu hewa iliyo juu ya kichwa ni haba kuliko ya pwani, na hulipunguza kidogo tu. Ngozi ya pua yangu ilibambuka, na kila jioni niliumwa na kichwa. Nilidhani ni ile gesi imenirudia. Ilikuwa kiu.

Katika hali hiyo nilikwenda likizo Mombasa. Niliteremka katika basi asubuhi nimevaa sweta niliyoihitaji njiani, nikatembea nayo hadi Mji wa Kale kwa sababu ya mazoea. Nyanya alikuwa barazani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaitazama ile sweta kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Jioni nilikataa kuoga, nikaomba chai ya moto, na nilipokwenda kulala niliufuata mkeka chumbani, ilhali kaskazi ilikuwa ikivuma na watu wote wamelala ukumbini. Hapo Nyanya alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Kesho yake nilimsimulia habari za jiko. Hakucheka tena. Alikaa kimya, akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Hatimaye akasema, "Kumbe, mjukuu wangu, ulikwenda bara ukaziacha pepo zako nyumbani." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kujibu. Nilivua sweta, nikaikunja, nikaitia mkobani hadi siku ya kurudi.

Ikabaki masika, ambayo sitaieleza sana, kwa kuwa kila mtu wa Nairobi anayo habari yake. Udongo wa vitongoji vya magharibi ni mwekundu na huganda kiatuni kama mkate. Mwezi wa Machi ulipokwisha nilifanya kama walivyofanya majirani: nilivaa viatu vya mpira hadi mjini, na viatu vya kazi nikavichukua katika mfuko, nikavibadilisha barazani mwa duka kabla ya kuingia ofisini. Soksi kavu zilikuwa katika mtoto wa meza yangu. Maji ya kunywa nilichemsha yote bila kubagua, kwani mvua ikizidi huchanganya yaliyo juu na yaliyo chini, na kipindupindu hakihitaji mlango. Njia ya mkato iliyovuka kijito niliiacha kabisa hadi Juni. Wenzangu walinidhihaki kwa ajili ya kijito hicho, ambacho mwezi wa Februari hata kuku hukivuka. Hawakunidhihaki tena Aprili 2024, mvua ilipozidi kiasi, mito ya Nairobi ikafurika, na maji yakachukua nyumba na watu.

Siku hizi huzitazama pia habari za Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road, mwendo mfupi kutoka Kawangware. Idara hiyo hutoa utabiri wa mvua za masika, wa miezi ya baridi na wa vuli kila msimu unapokaribia. Watu hupenda kuusema vibaya utabiri, wakikumbuka siku moja uliyokosea na kuzisahau siku tisa uliyopatia. Mimi huusoma kama nilivyopaswa kumsikiliza Nyanya. Mwishoni mwa Mei huitoa blanketi sandukuni na kuianika; mwishoni mwa Agosti huirudisha.

Nyanya alifariki mwaka 2013, mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Mama jirani alirudi kwao kijijini, na mahali pake penye kituo cha matatu pameshikwa na bintiye, ambaye uji wake, naomba radhi, haufikii wa mamaye. Mimi nimekwisha kuhama Kawangware, lakini sijahamia mbali, na Jumamosi hupita pale.

Mwezi wa Juni uliopita nilikuwa nimeketi pale na bakuli langu mkononi. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye nyaya za stima. Kijana mmoja alipita amevaa shati la mikono mifupi na ndara, mkononi amebeba jiko jipya la makaa ambalo bado lina rangi ya dukani. Alimwuliza binti yule bei ya makaa, na kwa lafudhi yake nikamtambua kuwa ni mtu wa Lamu. Nilimsalimu kwa salamu za kwetu, akafurahi mno, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa ugenini.

"Chumba chako kina dirisha?" nilimwuliza.

"Lipo, ami," akajibu akicheka, huku akitetemeka, "lakini nimekwisha kuliziba."

Nilisogea kidogo kwenye benchi, nikamwambia binti yule alete bakuli la pili.